Naanzaje kufanya kazi na mawakala wa wanamitindo nikiwa Kisumu?

KameraYaZiwa (Kisumu) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mpigapicha wa hapa Kisumu, na kwa miaka minne sasa riziki yangu imetokana na harusi, mahafali na sherehe za mahari, kazi ninazozishukuru kwa sababu ndizo zilizoninunulia kamera na lenzi mbili nilizo nazo, moja ya milimita 50 na nyingine ya milimita 85. Hata hivyo, picha za mitindo ndizo zinazonikosesha usingizi. Karibu kila Jumapili huwaomba marafiki wavae nguo tulizochagua pamoja katika soko la Kibuye, kisha twende Dunga au Hippo Point kabla jua halijatua. Picha ninazopata huko naziweka Instagram, ambako watu huzisifu sana, lakini hakuna kazi inayofuata.

Mwezi wa Mei nilijipa moyo nikawaandikia baruapepe mawakala sita wa wanamitindo, watano wakiwa Nairobi na mmoja hapa mjini. Niliwaeleza kwamba natafuta kazi, nikaambatisha picha 42, nikasubiri. Wanne wa Nairobi hawakujibu. Wa tano aliandika mstari mmoja tu, akisema nimtumie picha za majaribio ikiwa ninazo. Sikuelewa alichokuwa akitaka, nikaona haya kumuuliza, na sasa wiki sita zimepita. Yule wa hapa alinipigia simu, na habari yake nitaieleza baadaye kwa sababu bado inanitatiza.

Naomba mwenye ujuzi anifafanulie. Mpigapicha asiye na jina huupataje mlango wa wakala? Je, ni lazima nihamie Nairobi? Je, nipige picha bila malipo, na kwa muda gani? Na zikishapigwa, picha hizo ni mali ya nani?

DadaWaKakamega anajibu:

Ndugu KameraYaZiwa, naandika kwa kirefu kwa sababu barua kama yako nilizisoma kwa miaka saba. Kabla ya kurudi nyumbani Kakamega nilikuwa Nairobi kwa wakala mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuwapangia wanamitindo shughuli zao: kupokea simu za wateja, kuwatumia sura walizokuwa wakizitafuta, kupatana bei, na kuhakikisha kwamba msichana au kijana amefika mahali alipotakiwa kwa saa aliyotakiwa.

Nianze na neno lililokuponza. Uliomba kazi, na wakala hana kazi ya kumpa mpigapicha. Anayemlipa mpigapicha ni mteja, yaani mbunifu wa mavazi, duka la nguo, jarida au kampuni ya matangazo. Wakala naye anategemea mteja huyohuyo, kwa kuwa hukata sehemu ya malipo ya mwanamitindo, na katika miji mikubwa ya mitindo sehemu hiyo kwa kawaida huwa kama asilimia 20. Kwa hiyo ukimwomba wakala kazi, unamwomba mtu ambaye naye anaitafuta. Alichonacho ni watu, na watu hao, hasa waliosajiliwa karibuni, hawawezi kuuzwa kwa mteja yeyote bila picha. Nimewahi kuwa na msichana mwenye urefu wa futi tano na inchi kumi, shingo kama ya korongo na mwendo wa kupendeza, akakaa miezi mitatu bila kazi kwa sababu kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumwonyesha mteja kilikuwa picha ya simu aliyopigwa na dada yake jikoni. Mpigapicha angenijia wiki ile na kuniambia, "Nipe sura mbili mpya, nitakurudishia picha sita za kila mmoja baada ya siku kumi," ningempokea kwa mikono miwili, hata kama sijawahi kulisikia jina lake.

Hizo ndizo picha za majaribio. Mpigapicha, mwanamitindo, mpambaji wa uso na mwenye nguo hukutana kwa saa chache bila mteja, kila mmoja akileta kazi yake ili wote waondoke na kitu cha kuonyesha. Wakala aliyekujibu kwa mstari mmoja alikuwa akikuuliza kama umewahi kupiga picha za namna hiyo. Hakukufukuza. Wiki sita si nyingi, mjibu.

Kuna aina nyingine ya picha ambayo wapigapicha wengi huidharau, nayo ndiyo iliyonisaidia kumjua fundi. Ni zile picha za mwanamitindo asiye na pambo lolote, ambazo zamani zilipigwa kwa kamera ya Polaroid na hadi leo watu wa kazi huziita polaroidi ingawa zinapigwa kwa kamera za kidijitali. Msimamishe mtu mbele ya ukuta mweupe au wa kijivu, karibu na dirisha kubwa au kwenye kivuli cha nje chenye mwanga mwingi. Nywele zifungwe nyuma ili masikio na mstari wa taya vionekane, uso uwe bila vipodozi, na avae fulana nyeusi isiyo na maandishi na suruali inayoshika mwili. Piga uso kwa mbele, kisha pande zote mbili, kisha nusu ya mwili, kisha mwili mzima kwa mbele, kwa upande na kwa nyuma. Unapopiga mwili mzima, shusha kamera hadi usawa wa kiuno chake na urudi nyuma badala ya kutumia lenzi pana, kwa maana ukipiga kutoka usawa wa macho yako miguu yake itaonekana mifupi, na ukimsogelea kwa lenzi pana pua itavimba. Lenzi yako ya milimita 85 itatosha kwa uso, na ya 50 kwa mwili mzima. Usilainishe ngozi. Picha iliyolainishwa hadi vinyweleo vikapotea niliitupa bila kuitazama mara ya pili, kwa sababu mteja akikutana na mwanamitindo ana kwa ana na kukuta si yule wa pichani, wakala ndiye anayepoteza uaminifu, wala si mpigapicha.

Usidhani kwamba njia hii ni ya watu wadogo tu. Mpigapicha Mwingereza Corinne Day alipokuwa anaanza, alikwenda kwa wakala Storm wa London kutafuta sura mpya, akaona picha ya Polaroid ya msichana aliyekuwa bado hajulikani, Kate Moss. Picha alizompiga ufuoni Camber Sands zilitoka katika toleo la Julai 1990 la jarida la The Face, msichana akiwa na miaka 16, na wote wawili walijulikana kuanzia hapo. Naipenda habari hii kwa sababu Day hakwenda kuomba kazi. Alikwenda kuomba mtu wa kumpiga picha.

Sasa kuhusu barua yako. Picha 42 zilizoambatishwa huziba kisanduku cha baruapepe, na hakuna mwenye muda wa kuzifungua. Tuma kiungo kimoja chenye picha 12, zikiwa za watu wasiozidi watano, na zote ziwe za mitindo. Harusi usiiweke hata moja, hata ile unayoipenda kuliko zote. Hupungukiwi kitu kwa kuwa mpigaji wa harusi, lakini anayesoma ana nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo anataka kujua jambo moja tu: je, huyu akimpiga mtu wangu, mtu wangu ataonekana? Picha nyingi nilizoletewa zilikuwa na machweo mazuri, mitumbwi mizuri na vazi zuri, na mwanamitindo akiwa kivuli katikati. Mpigapicha alikuwa amejitangaza mwenyewe.

Na tumia ulipo. Mawakala wa Nairobi wana watu wanaotoka Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega, ambao hurudi nyumbani likizo ya Agosti na Desemba na kukaa wiki mbili tatu bila shughuli. Mwandikie wakala ukimwambia kwamba uko Kisumu, na kwamba yeyote kati ya watu wake atakayekuwa nyumbani wakati huo unaweza kumsasishia polaroidi zake na kumpiga majaribio. Ombi hilo katika miaka yote saba sikulipata kutoka kwa mpigapicha yeyote wa huku kwetu.

MwangaWaMenengai (Nakuru) anajibu:

Nakubaliana na dada kwa mengi, na nimejifunza hapo kwenye habari ya likizo. Nitaongeza mawili na kupinga moja.

Ninalolipinga, au tuseme ninalotaka liwekewe mpaka, ni hili la kupiga bila malipo. Picha za majaribio ni za bure ikiwa tu hakuna anayeuza kitu kwa kuzitumia. Miaka mitatu iliyopita nilipiga majaribio na mwanamitindo hapa Nakuru, nguo zikiwa zimeazimwa kutoka duka moja la mjini. Baada ya mwezi nikaziona picha zangu zimebandikwa kwenye kioo cha mbele cha duka hilo, kubwa kuliko mlango, zikitangaza punguzo la bei. Mimi sikulipwa, mwanamitindo hakulipwa, na wakala wake akanilaumu mimi, kwa sababu ndiye niliyezitoa faili bila kuandika lolote. Tangu siku hiyo kila mtu anayeshiriki hutia sahihi karatasi ya nusu ukurasa kabla sijafungua mfuko wa kamera: picha ni za kuonyesha kazi zetu tu, na yeyote anayetaka kuzitumia kibiashara arudi tupatane bei. Vilevile sipigi bure zaidi ya mara nne kwa wakala mmoja. Baada ya hapo, wakala akiridhika, mwanamitindo au wakala hunilipa kwa kila kikao, na hiyo ni desturi inayojulikana kwingi. Mawakala wengine hulipa wao kwanza kisha wakakata katika mapato ya mwanamitindo. Dada atanisahihisha ikiwa nimekosea.

La kwanza la kuongeza ni kuhusu mwanga wetu. Huku tulipo, karibu na ikweta, jua hupanda wima upesi. Kufikia saa mbili asubuhi tayari linachora vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua, na jioni giza huingia haraka, kwa hiyo muda wa mwanga mwororo ni mfupi kuliko unaoelezwa katika video za wapigapicha wa Ulaya. Mimi huanza kupiga saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi na kufunga kazi kabla ya saa mbili, kisha hurudi saa kumi na moja jioni. Jambo jingine lililonichukua mwaka mzima kuligundua ni udongo. Nilikuwa nikipiga kwenye barabara ya murram iendayo Menengai, na kila uso ulitoka na rangi ya chungwa chini ya kidevu na ndani ya shingo. Nikabadilisha mipangilio ya kamera, nikamlaumu mpambaji, nikadhani lenzi imeharibika. Siku moja mwanamitindo akaketi juu ya shuka jeupe nililokuwa nimelitandika ili nguo isichafuke, na ile rangi ikatoweka. Ulikuwa ni udongo mwekundu ukirudisha mwanga usoni. Sasa natembea na shuka mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, nazo zimenifaa kuliko taa niliyonunua kwa bei ghali. Hapo Dunga utakutana na tatizo la namna yake, kwa sababu maji hurudisha mwanga kutoka chini. Mgeuze mtu wako ili maji yawe ubavuni mwake.

La pili ni kwamba usihame. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160 nami sijahama, na mji wangu tangu uliponyanyuliwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021 umeongezewa maduka na wabunifu wanaohitaji picha. Kutoka Kisumu ni mwendo wa zaidi ya mara mbili ya huo, lakini basi la usiku lipo. Panga safari moja kila baada ya miezi miwili, omba miadi na mawakala watatu siku moja, nenda na picha zako kwenye tableti, kaa dakika kumi na tano kwa kila mmoja, urudi. Sura hazizaliwi Nairobi. Mwanamitindo Ajuma Nasenyana alitoka Turkana, akafika kwenye majukwaa ya New York na Ulaya.

KameraYaZiwa anaandika:

Dada na kaka, nawashukuru kwa dhati. Nimeisoma ile habari ya udongo mara mbili, kwa sababu nina picha nilizopiga Kit Mikayi zenye rangi hiyohiyo na nilikuwa nimezifuta kwa hasira.

Sasa nieleze habari ya yule wakala wa hapa. Aliniambia kwamba ataniandikisha kuwa mpigapicha wake rasmi, na kwamba kwa kila msichana nitakayemleta, msichana huyo akilipa ada ya usajili ya shilingi 6,000 pamoja na kifurushi cha picha, mimi nitapata shilingi 2,000 kwa M-Pesa. Namfahamu binti mmoja wa Nyalenda, mrefu, mwenye miaka 16, yuko kidato cha tatu, na ana uso ambao kamera inaupenda. Mama yake ameniuliza kama ni jambo jema. Nimekosa la kumjibu.

MrefuWaSeme anajibu:

Kaka, mwambie mama huyo asilipe, na wewe usikubali zile elfu mbili. Nilikuwa kama binti huyo miaka tisa iliyopita. Mtu aliyejiita wakala alikuja shuleni kwetu siku ya michezo, akawachagua wasichana kumi na mmoja warefu, na wazazi wetu wakalipa, mama yangu akiwa ameuza mbuzi wawili. Mpigapicha alikuja, alikuwa kijana mzuri mwenye adabu, akatupiga picha mbele ya kitambaa cha buluu, na baada ya hapo hatukumwona wakala tena. Picha zenyewe sikuzipata. Nilimlaumu mpigapicha kwa miaka mingi kuliko nilivyomlaumu yule mtu, kwa sababu uso niliouona na kuuamini ulikuwa wake.

Sasa nina wakala wa kweli na nimefanya kazi Nairobi, Kigali na Cape Town, kwa hiyo naweza kukuambia tofauti. Wakala wa kweli hupata fedha pale nami ninapopata. Anayekula kwenye usajili hana haja ya kunitafutia kazi, maana ameshalipwa. Mpigapicha anayepokea sehemu ya usajili huo amejiunga naye, hata kama nia yake ni njema.

Kuhusu binti, miaka 16 si dhambi, lakini mzazi au mlezi awepo pale mnapopigia picha tangu mwanzo hadi mwisho, si kumleta na kuondoka. Hata makampuni makubwa ya mitindo ya Ufaransa, LVMH na Kering, yalikubaliana mwaka 2017 kutotumia walio chini ya miaka 16 kuonyesha mavazi ya watu wazima, na kuwataka walio chini ya miaka 18 waandamane na mtu wa kuwaangalia. Ikiwa Paris wanafanya hivyo, nasi Nyalenda tunaweza. Mpige polaroidi nyumbani kwao, mama akiwa ameketi hapo, umpe picha bure, kisha umsaidie mama kuzituma kwa wakala wa Nairobi ambaye hatozi kitu. Masomo yasubiriwe. Wakala mwema atamwandikia kwamba arudi akimaliza kidato cha nne.

Nikuambie pia namna sisi tunavyowajua wapigapicha, kwa sababu wakala hutuuliza jioni ileile, "Ilikuwaje?" na jibu letu huamua kama utaitwa tena. Je, palikuwa na mahali pa kubadilishia nguo, au tulibadilisha nyuma ya mti? Mimi hubeba leso mbili za kujifunika kwa sababu ya wapigapicha wasiolifikiria hilo. Je, ulituambia mapema ni nguo za aina gani, au tulikuta vazi la kuogelea ambalo hatukuambiwa? Je, ulinigusa ili kunipanga, au ulinionyesha kwa mwili wako mwenyewe unachotaka? Je, palikuwa na maji ya kunywa? Kuna mpigapicha wa Eldoret ambaye picha zake si bora kuliko za wengine, lakini huleta maji, huonyesha pozi yeye mwenyewe, na hutuma picha siku ya nane. Wakala wangu humpigia yeye kwanza. Kuna mwingine, fundi kwelikweli, aliyekaa na picha zangu miezi mitano. Nilipozipata nywele zangu zilikuwa zimekatwa na hazikunifaa tena.

MsomaMikataba (Busia) anajibu:

Swali la umiliki halijajibiwa, nami nitalijibu kwa ufupi kwa kuwa hushughulikia mikataba ya namna hii.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, picha ni kazi inayolindwa, na ulinzi huo hudumu miaka 50. Picha uliyoipiga kwa hiari yako ni yako. Lakini wapigapicha wengi hawajui sehemu ya pili: kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba siku wakala au duka litakapokulipa, na hakuna mliloandika, huenda ukajikuta huna haki hata ya kuiweka picha yako mwenyewe kwenye potifolio, yaani mkusanyo wa kazi unazowaonyesha wateja. Ile karatasi ya nusu ukurasa ya kaka wa Nakuru ni ya lazima hata pale unapolipwa, na pengine hapo zaidi. Iandike nani anabaki na hakimiliki, picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na kwa kazi gani. Matumizi ya mwaka mmoja Instagram na matumizi ya bango la barabarani si bei moja.

Hakimiliki pia haikupi ruhusa juu ya uso wa mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi, na kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Hili si la maneno matupu. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa yule binti, mama atie sahihi, na andikeni wazi kwamba picha hazitawekwa kwenye ukurasa wako bila yeye kukubali.

Jambo la mwisho, na ni dogo: jisajili mapema kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Kampuni zinahitaji ankara ya namna hiyo ili gharama yao ikubalike kwenye hesabu za kodi, na nimeona mpigapicha akipoteza kazi nzuri kwa kukosa karatasi hiyo tu.

KameraYaZiwa anaandika:

Nimempigia yule wakala wa hapa na kumkatalia. Mama wa binti nimemweleza kila kitu kama nilivyoelezwa hapa, naye ametuomba tuje Jumamosi, ukuta wa nyumba yao wa upande wa magharibi ukiwa kivulini asubuhi. Kaka, nimeshanunua shuka.

Nimemwandikia pia yule wakala wa Nairobi aliyenijibu mwezi wa Mei, lakini sijaituma. Naomba mnisomee:

"Salamu. Mwezi wa Mei ulinitaka nikutumie picha za majaribio, nami samahani nimechelewa kukujibu. Mimi ni mpigapicha wa mitindo niliye Kisumu. Kiungo hiki kina picha 12, za watu wanne. Naomba unitumie majina ya wanamitindo wako wapya wawili ambao watakuwa nyumbani Kisumu, Siaya au Kakamega mwezi wa Agosti. Nitawapiga polaroidi na majaribio katika siku moja, nitakuwa na mpambaji wa uso na mahali pa kubadilishia nguo, na utapata polaroidi siku ya pili na picha za majaribio zilizohaririwa kabla ya siku kumi kwisha. Picha ni za potifolio zetu tu. Karatasi ya makubaliano nimeiambatisha. Natumaini utanipa nafasi, kwani nimekuwa na ndoto hii kwa miaka mingi na niko tayari kufanya lolote."

DadaWaKakamega anajibu:

Barua ni nzuri, na ningeijibu. Ondoa sentensi ya mwisho yote. Umeshaeleza utakachofanya, na mtu anayesema yuko tayari kufanya lolote humtia wakala wasiwasi, kwa sababu watu anaokukabidhi ni mabinti wa wenyewe. Mahali pake andika namba yako ya simu, na useme ni mzazi au mlezi gani atakuwepo ikiwa mmoja wao hajafika miaka 18. Kisha uitume Jumanne asubuhi, si Jumatatu, maana Jumatatu mezani huwa pamejaa maombi ya wateja ya wiki nzima.

Na zile picha za Kit Mikayi, kama bado zimo kwenye kadi, usizifute. Punguza rangi ya chungwa kwenye shingo peke yake, uone zitakavyokuwa.